Ahadi ya Dakika Kumi: Mwongozo Kamili wa Mazoezi kwa Afya ya Akili na Kujithamini, kwa Mkaazi wa Mombasa

Mtu anayeamka na uzito kifuani, anayekwepa kukutana na wenzake barazani na anayejiona hana faida kwa mtu yeyote, akiambiwa kwamba afanye mazoezi atapata nafuu, huyapokea maneno hayo kama dhihaka. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuwa mtu huyo. Kazi yangu ya ukarani katika ofisi ya uwakala wa forodha ilipokatika, nilikaa nyumbani Tudor kwa miezi minne nikitoka kwa dharura tu, nikilala mchana na kukesha usiku, nikijibu salamu za majirani kupitia dirishani. Kilichonitoa ndani hakikuwa ari kubwa wala mpango mkubwa, kwa maana vyote viwili sikuwa navyo. Nilitoka kwa sababu siku moja nilijiahidi kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, nikaenda, nikarudi, na jioni ile nikagundua kuwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa nimesema jambo na kulitenda.

Mwongozo huu umejengwa juu ya tukio hilo dogo. Ninaamini kwamba mazoezi humrudishia mtu heshima yake kwa nafsi yake hasa kwa njia ya ahadi zinazotimizwa, kabla hata mwili haujabadilika, na kwamba wengi hushindwa kwa sababu huanza na ahadi iliyo kubwa kuliko nguvu walizo nazo siku hiyo.

Kinachotokea mwilini na akilini

Inafaa kuelewa kwanza mwili unafanya nini, kwa sababu anayeelewa huvumilia zaidi wiki za mwanzo ambazo matokeo hayajaonekana. Mtu anapotembea kwa kasi au kukimbia, moyo husukuma damu zaidi kuelekea kwenye ubongo, na mwili hutoa kemikali kadhaa zinazotuliza maumivu na kuinua hali ya moyo. Kwa miaka mingi sifa zote zilipewa endofini, lakini endofini zilizomo kwenye damu haziingii kwa urahisi katika ubongo, na ndiyo maana watafiti siku hizi wanazitazama kwa makini endokanabinoidi, ambazo hupenya hadi huko na ambazo huongezeka mtu anapokwenda mwendo wa wastani kwa muda. Hapo ndipo hutoka ule utulivu anaousikia mtu akiwa anafuta jasho baada ya matembezi.

Nafuu ya muda mrefu huja polepole na kwa njia nyingine. Usingizi huwa mzito zaidi, na mtu aliyelala vizuri huona matatizo yake yakiwa na ukubwa wake halisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 120 nchini Marekani kwa mwaka mzima, na wale waliotembea dakika 40 siku tatu kwa wiki walionekana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu na ambayo aghalabu hudhoofika kwa watu wenye sonona, yaani ile huzuni nzito ya muda mrefu iliyo maradhi, ikiongezeka kwa takriban asilimia 2, ilhali kwa wenzao waliofanya mazoezi mepesi ya kunyoosha na kuimarisha viungo ilipungua. Mwenye wasiwasi mwingi naye hupata faida yake ya pekee: moyo kwenda mbio, jasho na pumzi za haraka ndizo dalili anazoziogopa, na anapozipata kila siku kwa hiari yake akiwa salama, taratibu huacha kuzitafsiri kama ishara ya balaa.

Kuhusu sonona yenyewe, utafiti ninaoutaja mara nyingi ni ule ulioongozwa na mwanasaikolojia James Blumenthal katika Chuo Kikuu cha Duke, uliotolewa mwaka 1999. Watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waligawanywa katika makundi matatu: la mazoezi mara tatu kwa wiki, la dawa, na la vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliotumia dawa walitangulia kuisikia mapema zaidi. Walipofuatiliwa miezi sita baadaye, waliofanya mazoezi ndio walioonekana kurudiwa kidogo zaidi na maradhi. Ningependa usome habari hiyo kwa uangalifu: haisemi kwamba dawa hazifai, na hakuna mahali inapompa mgonjwa ruhusa ya kuacha dawa zake bila ya kumwona daktari wake.

Kujithamini kuna mlango wake. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza jinsi imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe inavyojengeka, akaonyesha kwamba chanzo chake chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kuyashuhudia mafanikio yake mwenyewe, kwa matendo yake mwenyewe. Sifa za watu husaidia, na mifano ya wengine husaidia, lakini hazifikii uzito wa jambo ulilolifanya kwa miguu yako. Ndiyo maana kumwambia mtu aliyevunjika moyo kwamba "wewe ni bora" humpita kama upepo, wakati kumsindikiza hadi mwisho wa mtaa humwachia kitu.

Hatua ya kwanza: jikague kabla ya kuanza

Ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, pumu, maumivu ya kifua, ujauzito, au magoti yanayovimba, zungumza na mhudumu wa afya kwanza. Kupima shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya au duka la dawa lililo karibu nawe huchukua dakika chache. Kwa walio wengi matembezi ya polepole ya dakika kumi hayana hatari, lakini ukiwa katikati ya mazoezi ukasikia kifua kubana, kizunguzungu kikali au pumzi kukata kuliko kawaida, simama na utafute msaada.

Kisha chukua daftari na uandike mambo matatu: unalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku, hali ya moyo wako leo kwa kipimo cha 0 hadi 10, na jambo moja ambalo zamani ulikuwa ukilifanya bila taabu na sasa linakulemea. Usiandike uzito wa mwili. Sababu nitaieleza mbele.

Hatua ya pili: weka ahadi isiyoweza kukushinda

Hapa ndipo ninapoomba utulie, kwa sababu hatua hii ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mtu mwenye huzuni akipata siku moja nzuri hujiahidi kukimbia kutoka nyumbani hadi Mama Ngina kila alfajiri, hununua raba mpya, hukimbia siku ya kwanza hadi mapaja yakawaka, siku ya tatu hawezi kushuka ngazi, na siku ya tano anaongeza kushindwa huku kwenye orodha ya mambo yaliyomshinda maishani. Mazoezi aliyoyatafuta kama dawa yamemzidishia ugonjwa.

Ahadi yako ya mwanzo iwe ni dakika kumi za kutembea, na kama dakika kumi ni nyingi, iwe ni tano. Jaribu kuipima kwa swali hili: je, hata siku ambayo sitaki kuona mtu, siku niliyolala kwa muda wa saa mbili tu, ninaweza kulifanya hili? Kama jibu ni hapana, punguza. Usiionee haya ahadi ndogo, maana unachokijenga katika wiki za mwanzo ni uaminifu baina yako na nafsi yako, na pumzi zitakuja baadaye.

Ifungamanishe ahadi hiyo na jambo unalolifanya tayari kila siku. Anayeswali alfajiri anaweza kuondoka msikitini kwa njia ndefu badala ya ile ya mkato. Anayefanya kazi anaweza kushuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kwake. Mama anayempeleka mtoto shule kwa miguu anaweza kurudi kwa kuzunguka. Ukisema tu kwamba utatembea "nikipata nafasi", nafasi hiyo haitapatikana.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo aliyefiwa na mumewe, alinionyesha namna ya kuhesabu ambayo sijaona iliyo bora zaidi. Alikuwa akitengeneza mabuyu ya kuuza, na juu ya kabati lake aliweka chupa tupu ya jemu. Kila siku aliyotembea alitia kokwa moja ya ubuyu ndani ya chupa ile. Siku alizoshindwa hakutia kitu, wala hakutoa. Aliniambia kwamba usiku usingizi ukimkataa aliitikisa chupa akazisikia zikigonga kioo, na sauti hiyo ilimtosha kujua kwamba bado yupo na bado anaweza. Tumia kokwa, tumia kalamu kwenye kalenda ya ukutani, lakini kiwe kitu kinachoonekana na kinachoongezeka tu.

Hatua ya tatu: chagua saa na mahali kwa kuufuata mji ulivyo

Mombasa ina joto na unyevu, na mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi unaweza kukudhuru hapa. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, jua la saa nne asubuhi tayari linachoma, kwa hiyo toka mara kunapopambazuka au subiri hadi jua linapokaribia kuchwa. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, hewa huwa nzuri zaidi, na anayetaka kuanza jambo jipya hupata msaada wa upepo wenyewe. Wakati wa masika, Aprili na Mei, uwe na mpango wa ndani ya nyumba ili mvua isiwe sababu ya kuvunja ahadi. Kunywa maji kabla ya kutoka na baada ya kurudi, kwa kuwa katika unyevu huu jasho hutoka jingi bila kukauka, na mwili haupoi upesi.

Kwa wakaazi wa kisiwani, ukingo wa Mama Ngina una faida nyingi: njia ni pana, mibuyu inatoa kivuli, upepo unatoka baharini, na meli zinazoingia Kilindini hupita karibu kiasi kwamba macho hupata cha kufuata mbali na mawazo ya nafsi. Jioni pana watu wengi, jambo linalompa usalama mmoja na kumwogopesha mwingine, na kama wewe ni wa hao wa pili, nenda alfajiri. Mji wa Kale nao ni mzuri kwa anayependa kutembea polepole kwenye vichochoro ambavyo nyumba zenyewe huvitilia kivuli. Walio Nyali, Bamburi na Shanzu wana ufuo, lakini ni lazima waijue bahari: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo njia uliyopita leo kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa chini ya maji wiki ijayo saa hiyo hiyo, na zaidi wakati wa bamvua. Tembea maji yanapokupwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na uende na kurudi kwa njia ile ile, kwa sababu ufuo una mteremko na mguu mmoja ukibaki chini muda wote nyonga na goti huuma.

Kwa wanawake swali la usalama na sitara halipaswi kupuuzwa. Buibui jepesi lisiloburura pamoja na raba zinazoshika mguu havizuii mwendo wa kasi, na kutembea wawili au watatu huondoa sehemu kubwa ya usumbufu wa njiani. Asiyeweza kutoka ana ngazi za ghorofa, ana paa, ana kamba ya kuruka, na ana sebule inayoweza kuzungukwa mara mia. Akili hupokea faida ile ile, ingawa ninakiri kwamba mwanga wa asubuhi na sura za watu vina nafuu yake, na vikiwezekana visikosekane.

Hatua ya nne: mwendo wenyewe

Anza dakika mbili za mwanzo polepole, ukizungusha mabega na kuacha mikono iende huru, kisha ongeza kasi. Kipimo cha kasi inayofaa hakihitaji saa wala chombo: uweze kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo kidogo, na ukikatika pumzi baada ya maneno mawili, punguza. Dakika mbili za mwisho rudi polepole tena.

Wiki ya kwanza na ya pili ziwe za dakika kumi kwa siku, siku tano kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne panda hadi dakika 15. Wiki ya tano na ya sita panda hadi 20, na hapo uongeze siku mbili za mazoezi ya nguvu. Wiki ya saba na ya nane fika dakika 30, ambazo kwa siku tano ni dakika 150, yaani kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kukifikia kwa wiki kwa mazoezi ya wastani. Mwongozo huo huo unasema kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, kwa hiyo ukibaki kwenye dakika 15 kwa mwezi mzima hujaharibu kitu. Panda pale tu ahadi ya sasa inapokuwa nyepesi.

Mazoezi ya nguvu yanahitaji kiti imara, ukuta na mtungi wa maji wa lita 5, ambao ukijaa una uzito wa kilo 5. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kujishika mara kumi; simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani na ujisukume mara kumi; kisha inua mtungi kutoka sakafuni hadi kiunoni mara kumi ukiwa umekunja magoti na kunyoosha mgongo. Pumzika, urudie mzunguko mara mbili. Kwa aliyejidharau kwa muda mrefu, mazoezi haya yana jambo zuri mno: maendeleo yake huhesabika. Mtungi uliokutetemesha mikono mwezi huu, mwezi ujao unaubeba ukiwa unazungumza.

Kioo, mizani na picha za simuni

Niliahidi kueleza kwa nini uzito usiandikwe. Mtu anayefanya mazoezi ili aondoe tumbo hujipima kila siku kwa kitu kinachobadilika polepole mno na kinachoathiriwa na maji, chakula na hata mwezi wa mwanamke, na kila asubuhi ambayo mizani haijasogea huihesabu kuwa asubuhi ya kushindwa. Huacha, na hujithamini chini ya pale alipoanzia. Picha za miili ya watu wengine kwenye simu huzidisha jambo hilo. Ukitaka kipimo, rudi kwenye daftari lako: saa za usingizi, hali ya moyo, na lile jambo moja lililokulemea. Mimi niliandika kwamba kupanda ngazi za jengo la ghorofa nne hadi kwa shangazi yangu kulikuwa kunanishinda, na wiki ya sita nilipobisha mlango wake pumzi zangu zilikuwa zimetulia, shangazi akaniuliza nani amenileta.

Upo pia upande wa pili, wa mtu anayefanya mazoezi kupita kiasi, anayefadhaika akikosa siku moja, anayejinyima chakula ili "kulipia" alichokula. Huyo hajitunzi, anajiadhibu, na anahitaji kuzungumza na mtaalamu sawa na yule asiyeweza kutoka kitandani.

Siku ambazo ahadi itavunjika

Zitakuja. Utaugua, mtoto ataugua, utafiwa, au utaamka tu na usitake. Kanuni ninayoishika ni kwamba siku moja ikipita naiacha ipite, na siku ya pili nafanya japo dakika tatu, japo kuzunguka nyumba. Usifidie kwa kufanya mara mbili. Na ukikaa mwezi mzima bila kufanya, anza upya na dakika kumi kama mtu mpya, wala usianzie pale ulipoachia, kwa kuwa mwili hausahau upesi lakini hukasirika ukilazimishwa.

Katika mwezi wa Ramadhani badilisha saa badala ya kuacha. Matembezi mepesi ya dakika 15 au 20 kabla ya magharibi yanavumilika kwa wengi kwa sababu futari iko karibu, na wengine huona afadhali kutembea baada ya tarawehe, wakati mji wenyewe uko macho. Mwenye kisukari anayefunga apate kwanza ushauri wa daktari.

Mwenzi wa mazoezi ni msaada mkubwa siku hizi ngumu, mradi awe mtu wa mwendo wako na asiye na mazoea ya kulinganisha. Ukimchagua, muombe jambo moja tu: akikukosa mahali mnapokutana, akugongee mlango.

Pale mazoezi yasipotosha

Mazoezi ni sehemu ya matibabu, na kwa huzuni nyepesi yanaweza kuwa sehemu kubwa, lakini yana mpaka wake. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo huzuni au kukosa hamu ya kila kitu hakukuachi kwa sehemu kubwa ya siku, ikiwa huli au hulali, ikiwa unasikia sauti wasizozisikia wengine, au ikiwa umeanza kufikiri kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje wiki ya nane. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, na uende kwenye kituo cha afya. Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, ilijulikana kwa miaka mingi kwa huduma za maradhi ya akili, na nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo na anayehitaji wa kuzungumza naye. Ukimwona mtaalamu, mpelekee daftari lako, kwa maana kurasa zile za usingizi na hali ya moyo zitamweleza mengi zaidi ya utakayoyakumbuka ukiwa umekaa mbele yake, na ukirudi nyumbani siku hiyo kwa miguu, hata kama ni kutoka kituo cha matatu tu, tia kokwa yako kwenye chupa.